KITI CHA BAISKELI NA KARATASI YA DHAMANA

Huenda nyumbani kwako ipo baiskeli. Kama haipo, basi jirani yako anayo. Katika vijiji vya kuzunguka Mlima Meru baiskeli hubeba ndizi, maziwa, majani ya ng'ombe, magunia ya mahindi na watoto wa shule. Mara nyingi baiskeli ni moja na wapandaji ni wengi. Asubuhi baba anaipanda kwenda shambani. Mchana mama anaipanda kwenda kwenye mashine ya kusaga. Jioni kijana anaitaka aende kwa mwenzake.

Kila mmoja ana miguu ya urefu wake. Kwa sababu hiyo kiti hupandishwa leo, kesho kikashushwa. Tunaiona kazi hiyo kuwa ndogo. Ni nati moja tu ya kulegeza na kukaza. Lakini nguzo ya kiti ikipandishwa kupita kiasi, yaweza kuvunjika ukiwa njiani. Fikiri ikivunjika katika mteremko wa kutoka Akheri kwenda Tengeru siku ya soko, na nyuma umefunga mikungu miwili ya ndizi. Hutapata nafasi ya kushuka taratibu. Utaanguka, na mzigo utakuangukia.

Tena lipo jambo la pili. Ukiipeleka baiskeli hiyo dukani na kusema kuwa ni mpya na ina dhamana, mwenye duka ataitazama nguzo. Ataangalia imevunjikia wapi. Kutokana na mahali hapo atasema kama ubovu ni wa kiwanda au ni wa mpandaji. Akisema ni wa mpandaji, gharama yote ni yako.

Basi usalama wa mwili wako na usalama wa fedha yako vinakutana mahali pamoja. Vinakutana kwenye alama ndogo iliyochongwa katika nguzo ya kiti. Watu wengi wamepanda baiskeli miaka mingi bila kuiona alama hiyo.

NGUZO INA ALAMA

Tazama chini ya kiti cha baiskeli yako. Kiti kimekaa juu ya bomba jembamba. Hilo ndilo tunaloliita hapa nguzo ya kiti. Nguzo hiyo imeingia ndani ya bomba nene la fremu. Pale juu ya bomba la fremu ipo boliti inayobana.

Legeza boliti hiyo, uichomoe nguzo yote. Ifute kwa kitambaa. Katika baiskeli nyingi za sasa utaona mstari uliochongwa kuizunguka nguzo upande mmoja, au vistari vingi vifupi vilivyosimama. Karibu na mstari huo kuna maneno ya Kiingereza. Usiogope maneno hayo. Tafuta herufi tatu tu: MIN au MAX. Viwanda vingine huandika MIN, kwa maana ya kwamba nguzo iingie ndani angalau mpaka hapo. Vingine huandika MAX, kwa maana ya kwamba usiipandishe kupita hapo. Maneno mawili, shabaha ni ileile. Mstari huo usionekane nje. Ukiuona mstari ukiwa umekaa kwenye kiti, nguzo imepanda mno.

Kwa nini kiwanda kiliweka mstari pale, na si mahali pengine? Wewe unayejua kujenga ua utaelewa mara moja. Mti wa ua ukichimbiwa kwa kina cha kiganja, mbuzi mmoja akijikuna anaung'oa. Ukichimbiwa kwa kina cha mkono mpaka kiwiko, unasimama. Nguzo ya kiti nayo ni hivyo hivyo. Kila tairi linapoingia shimoni, mwili wako unaisukuma nguzo nyuma na mbele. Sehemu iliyomo ndani ya fremu ndiyo inayokataa msukumo huo. Sehemu hiyo ikiwa fupi, nguvu zote hukusanyika pale kwenye mdomo wa bomba. Hapo nguzo hupinda au kukatika. Pengine nguzo hubaki nzima, lakini bomba la fremu ndilo hupasuka. Hasara hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu nguzo hununuliwa peke yake, na fremu ndiyo baiskeli yenyewe.

Viwango vya kimataifa vya baiskeli, vinavyojulikana kwa namba ISO 4210, vinataka alama hiyo iwe mbali na ncha ya chini ya nguzo kwa urefu usiopungua unene wa nguzo mara mbili. Nguzo yenye unene wa milimita 25 itakuwa na alama kuanzia milimita 50 kutoka chini, au zaidi. Hicho ndicho kiasi cha chini kabisa. Hakuna ubaya kuzidisha.

Baiskeli nyingi za zamani hazina alama yoyote. Nguzo nyingine zilikuwa nayo, lakini kutu imeila. Hapo tumia vidole vyako. Weka vidole vinne vya mkono mmoja, vikiwa vimebanana, kwenye ncha ya chini ya nguzo. Kwa mtu mzima hiyo ni kama sentimita saba. Piga alama yako hapo kwa msumari au kwa rangi. Kisha angalia jambo jingine. Bomba la juu la fremu, lile linalotoka mbele, linaungana na bomba la kiti mahali fulani. Ncha ya chini ya nguzo lazima ishuke kupita maungio hayo. Ikiishia juu ya maungio, usiipande baiskeli hiyo hata kwa safari ya karibu.

UREFU UNAOKUFAA

Sasa tupime urefu. Egemeza baiskeli ukutani, au mtu akushikie. Panda, ukae katikati ya kiti. Zungusha pedali moja mpaka ifike chini kabisa. Weka kisigino chako juu ya pedali hiyo. Mguu ukinyooka bila wewe kuegemea upande mmoja, urefu ni mzuri. Ukianza safari hutatumia kisigino, utatumia sehemu ya mbele ya wayo. Hapo goti litapinda kidogo. Ndivyo inavyotakiwa.

Kiti kikiwa chini mno, magoti hupanda juu kama ya panzi na kuuma mapema. Watu wengi husema baiskeli yao ni nzito, kumbe kiti ndicho kiko chini. Kikiwa juu mno, kiuno huyumba huku na huku, nawe unaitafuta pedali kwa ncha za vidole.

Sisi wa upande huu tuna shida ya pekee. Mji wa Arusha uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Meru kina mita 4,566. Vijiji vimetandazwa kwenye miguu ya mlima huo. Njia zake nyingi ama zinapanda ama zinashuka. Anayepanda kutoka barabara kuu kwenda nyumbani anataka kiti cha juu, apate nguvu ya kukanyaga. Anayeshuka na mzigo anataka kiti cha chini kidogo, ili miguu ifike chini upesi baiskeli ikiteleza kwenye tope la masika. Mawazo yangu ni haya: kwa mtu anayebeba mzigo, pungufu ya upana wa vidole viwili kutoka kipimo cha kisigino ni afadhali. Atachoka kidogo zaidi mlimani, lakini atasimama salama. Mtu anayejifunza naye ashushe kiti mpaka nyayo zote mbili zikanyage ardhi.

Ikiwa kipimo cha kisigino kinakutaka uupandishe mstari nje ya fremu, usipandishe. Maana yake ni kwamba baiskeli hiyo ni ndogo kwako, au unahitaji nguzo ndefu zaidi yenye unene uleule. Vijana warefu wanaorithi baiskeli ya ndugu yao mdogo wako katika hatari hii kuliko watu wengine wote.

KULEGEZA NA KUKAZA

Kabla ya kugusa nati, piga alama kwa chaki mahali nguzo ilipo sasa. Ukikosea utajua pa kurudi.

Tumia spana inayoingia sawasawa kwenye nati. Usitumie koleo. Koleo hula kona za nati, na siku ya pili hakuna spana itakayoishika. Baiskeli za kisasa nyingi hazina nati hapo. Zina boliti yenye tundu la pembe sita, na spana yake ni kile chuma kidogo kilichopinda kama herufi L. Nyingine, hasa zile za mitumba, zina mkono mdogo wa kukunja.

Mkono huo huwachanganya watu. Wengi huuzungusha kama nati mpaka ushike, halafu huuacha ukining'inia. Huko si kukaza. Mkono unatakiwa ukunjwe, yaani usukumwe kutoka nje kwenda ndani mpaka ulale ubavuni mwa bomba. Ukifika nusu ya safari yake, uanze kuwa mgumu. Ukimaliza, kiganja chako kiwe na alama yake. Ukilala kwa urahisi, ufungue, kaza kidogo ile nati ya upande wa pili, kisha ukunje tena.

Nguzo iliyokaa miaka bila kuguswa hushikwa na kutu. Usiipige nyundo kwa chini ya kiti. Tia mafuta mepesi pale mdomoni mwa bomba, uyaache usiku mzima, halafu shika kiti kwa mikono miwili, ukizungushe kushoto na kulia huku ukivuta. Ikitoka, isafishe na uipake grisi kidogo sana kabla ya kuirudisha. Grisi hiyo haiifanyi iteleze kama boliti imekazwa. Inazuia kutu tu.

Nguzo ikiwa nje, itazame vizuri kwenye mwanga. Nguzo ya chuma ikipata taabu mara nyingi hupinda kwanza, hivyo utaiona. Nguzo ya alumini, ile nyeupe na nyepesi, mara nyingi haipindi. Hupata ufa mwembamba kama unywele, siku moja ikakatika ghafla. Pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukinasa kwenye mstari ambao haukuchongwa na kiwanda, usiirudishe nguzo hiyo.

Sasa rudisha nguzo mpaka urefu uliopima. Hakikisha alama imezama. Elekeza pua ya kiti mbele, ilingane na bomba la juu. Kaza mpaka spana igome. Usiruke juu ya spana wala usiongeze urefu wake kwa bomba, maana boliti hukatika kwa kukazwa mno kama vile kiti kinavyoanguka kwa kulegezwa.

Ubapa wa kiti nao una nati zake. Katika zile baiskeli nzito za kazi, chini ya kiti kuna kishikio chenye nati mbili, moja kila upande, na ndani yake kuna meno. Legeza zote mbili, weka kiti kilale bapa kama meza, kisha kaza moja kidogo, na nyingine kidogo, kwa zamu. Meno yakikaa vibaya yatasagika, na kiti kitaanza kuinama kila unapokalia. Pua ikielekea juu utapata ganzi. Ikielekea chini utateleza mbele na mikono itauma.

Mwisho jaribu. Shika pua ya kiti, uisukume kwa nguvu kushoto na kulia. Kisha kandamiza pua, ukandamize na nyuma. Kikisogea, rudia kukaza. Panda kwa nusu saa hivi kwenye njia yako ya kawaida, halafu kaza tena. Barabara ya changarawe yenye matuta madogo hulegeza nati upesi kuliko lami.

SPEA ZISIZOLINGANA

Wazee wanaikumbuka baiskeli ya Swala, iliyotengenezwa hapa nchini na Kampuni ya Taifa ya Baiskeli, NABICO. Katika miaka ya 1980 spea zilikuwa adimu, lakini aina za baiskeli hazikuwa nyingi. Leo mambo yamegeuka. Spea zimejaa mjini, lakini baiskeli zimetoka kila mahali. Ipo Phoenix ya China, zipo Hero na Avon za India, zipo Raleigh kuukuu za Uingereza, na yapo mafungu ya mitumba kutoka Ulaya na Japani. Kila moja ina kipimo chake. Nguzo za kiti hutofautiana kwa sehemu za milimita. Macho hayawezi kuona tofauti hiyo, ila fremu inaijua.

Nguzo ikiwa nyembamba kuliko bomba, wapo wanaokata bati la kopo na kuisokota humo ndani ili ikaze. Nguzo husimama kwa wiki mbili tatu. Kisha bati husagika, nguzo hucheza, mdomo wa fremu hupanuka. Ukipanuka, hata nguzo halisi haitakaa. Kwa hiyo ukienda mjini kununua nguzo, chukua ile ya zamani mkononi, umwonyeshe muuzaji. Nyingine zimepigwa mhuri wa unene wake karibu na ile alama ya MIN, kwa mfano 25.4 au 27.2. Soma namba hiyo, na utafute inayofanana nayo kabisa.

DHAMANA NI NINI

Tunaposema dhamana hapa hatusemi dhamana ya polisi. Tunasema ahadi ya muuzaji au ya kiwanda kwamba kitu kikiharibika kwa ubovu wa kutengenezwa, katika muda fulani, watakitengeneza au watakibadilisha bila malipo. Wauzaji wengi huiita waranti. Mara nyingi huwa kadi ndogo iliyowekwa pamoja na baiskeli, na mara nyingi kadi hiyo hutupwa pamoja na makaratasi ya kufungia. Isome kabla ya kulipa. Kama ni ya Kiingereza, mwambie muuzaji akueleze, nawe uandike maelezo yake kwa Kiswahili nyuma ya kadi, yeye atie sahihi.

Katika kadi hiyo tafuta muda kwanza. Muda huanza siku ya kununua, si siku ya kuharibika. Fremu mara nyingi hupewa muda mrefu kuliko sehemu nyingine, kwa hiyo usidhani kwamba muda wa fremu ni muda wa nguzo pia. Tafuta kama ahadi inahusu mnunuzi wa kwanza peke yake. Nyingi ni hivyo, na ukimuuzia shemeji yako baiskeli, dhamana haiendi naye. Uliza pia kama malipo ya fundi yamo, au ni spea tu.

Kisha soma yale yasiyolipwa. Hapo ndipo penye ugomvi. Vitu vinavyokwisha kwa kutumika, kama vile tairi, tyubu, raba za breki na mnyororo, havimo kwa kawaida. Kutu haimo. Ajali haimo. Mzigo uliozidi haumo. Kubadili sehemu za baiskeli, au kuchomelea, huiondoa dhamana. Kadi nyingine hukataa baiskeli inayofanya kazi ya kulipwa, kama kubeba abiria.

Hapa Arusha jambo hili si dogo, kwa sababu baiskeli tunazipa kazi nyingi. Kampuni ya Global Cycle Solutions, iliyoanzishwa Arusha mwaka 2009, ilitengeneza mashine ya kupukuchua mahindi inayofungwa nyuma ya baiskeli na kuzungushwa kwa pedali. Ni uvumbuzi mzuri kwa mkulima. Lakini ukiwa na baiskeli mpya, uliza kwanza kama kufunga mashine ya namna hiyo kunakubaliwa na aliyekupa dhamana, na jibu liwe la maandishi.

Turudi kwenye nguzo yetu. Chukua nguzo mbili zilizoharibika katika mwezi wa tatu. Ya kwanza imepata ufa juu kabisa, pale ilipochomelewa kushika kiti. Alama ya MIN ilikuwa imezama ndani sana. Mpandaji hakuanguka na hakuzidisha mzigo. Huo unaonekana kuwa ubovu wa kiwanda, na mpandaji ana haki ya kudai. Ya pili imepinda pale kwenye mdomo wa fremu. Ukiitazama utaona mikwaruzo iliyoachwa na bomba, na mikwaruzo hiyo imeishia chini ya alama. Nguzo yenyewe inasema ilivyopandishwa. Muuzaji atakataa, na kusema kweli ana haki ya kukataa.

Kwa hiyo anayezingatia alama ana faida mbili. Haanguki kwa sababu hiyo, na siku kiwanda kikikosea ana ushahidi mkononi. Nguzo ikivunjika usiitupe, usiisugue, wala usimpe fundi aichomelee kwanza. Ihifadhi kama ilivyo. Kama una simu yenye kamera, ipige picha ikiwa bado ndani ya fremu.

RISITI

Bila risiti dhamana ni maneno. Mashine za risiti za kodi zilianza kutumika Tanzania mwaka 2010. Sheria inamtaka muuzaji atoe risiti, nawe inakutaka udai. Mfanyabiashara mdogo asiye na mashine akuandikie kwa mkono na kupiga mhuri. Risiti ionyeshe tarehe, bei, aina ya baiskeli, na namba ya fremu. Namba hiyo imegongwa kwenye chuma, mara nyingi chini ya mahali pedali zinapozungukia. Pindua baiskeli, uisome mwenyewe, uilinganishe na ile iliyoandikwa. Tarakimu moja ikikosewa, risiti hiyo ni ya baiskeli nyingine.

Karatasi ya mashine ina ugonjwa wake. Maandishi yake yanatokana na joto, si wino. Ukiiweka juani, au karibu na jiko, au kuifunga muda mrefu ndani ya plastiki, maandishi hufifia mpaka karatasi inakuwa nyeupe. Wako watu waliofungua sanduku baada ya miezi sita wakakuta kipande cha karatasi tupu. Siku hiyohiyo uliyonunua, toa nakala dukani, na uweke nakala pamoja na ile risiti ndani ya daftari.

Katika risiti nyingine utasoma kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Usidhani kwamba mazungumzo yamekwisha hapo. Mtu aliyebadili nia na kutaka rangi nyingine ana shida moja. Mtu aliyeuziwa kitu kibovu ana shida tofauti. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, ambayo ni Sura ya 214 ya sheria za Tanzania, inasema jambo linalokufaa. Ukimweleza muuzaji kazi unayoitaka, na ukategemea ujuzi wake kukuchagulia kitu cha biashara yake, kitu hicho kinatakiwa kifae kwa kazi hiyo. Basi usiingie dukani na kutaja jina la kampuni tu, kwa sababu ukijichagulia mwenyewe kwa jina hoja hiyo hupungua nguvu. Sema kwanza: "Nataka baiskeli ya kubeba gunia moja la mahindi katika njia ya mlima." Kisha mwache akuonyeshe. Tena sheria hiyohiyo haikutetei kwa kasoro uliyopaswa kuiona ulipokagua kitu kabla ya kununua. Kwa hiyo kagua. Chomoa nguzo hapo hapo dukani, tafuta alama, tafuta ufa, jaribu boliti. Muuzaji mwema hatakasirika.

Ipo pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inamlinda mnunuzi na inasimamiwa na Tume ya Ushindani. Muuzaji akikataa bila sababu, unaweza kupeleka malalamiko kwenye Tume hiyo. Kama hujui pa kuanzia, mwone afisa biashara wa halmashauri yako. Kwa watu wa Halmashauri ya Meru, makao makuu yako Usa River.

Baiskeli ya mitumba mara nyingi haina dhamana ya kiwanda. Lakini hakuna sheria inayokukataza kupatana na muuzaji. Aandike kwenye risiti kwamba fremu na nguzo ni nzima, na kwamba atapokea vikirudi katika siku kumi na nne. Akikataa kuandika, jibu lake limekwisha kukueleza jambo, na bei ipungue.

BARUA YA KUDAI

Nenda kwanza ukazungumze kwa adabu. Mambo mengi huishia hapo. Yasipoisha, andika barua. Unaweza kufuata mfano huu na kujaza nafasi zilizo wazi.

Kwa Mwenye Duka,
Duka la ………………,
S.L.P. ………, Arusha.
Tarehe ………………

Ndugu,

YAH: NGUZO YA KITI ILIYOPASUKA

Tarehe ……… nilinunua kwako baiskeli aina ya ………, yenye namba ya fremu ………, kwa shilingi ……… Namba ya risiti ni ………

Tarehe ……… niliona ufa katika nguzo ya kiti, mahali inaposhikana na kiti. Wakati wote alama ya kiwanda ilikuwa imezama ndani ya fremu kwa sentimita ……… Baiskeli haijapata ajali na haijabadilishwa sehemu yoyote.

Muda wa dhamana unakwisha tarehe ……… Naomba unibadilishie nguzo hiyo. Nguzo iliyopasuka ninayo, na unaweza kuiona. Naomba unijibu kwa maandishi kabla ya tarehe ………

Wako,
………………

Andika nakala mbili. Moja mwachie muuzaji. Ya pili mwombe aitie sahihi na tarehe kwamba amepokea, nawe uirudishe nyumbani uiweke kwenye lile daftari lenye risiti. Nguzo iliyopasuka usimwachie mpaka amekuandikia kwamba ameipokea.